Jua la Dar Halizami Baharini: Mwongozo Kamili wa Jioni Moja Juu ya Paa, Dar es Salaam na Unguja

Mara yangu ya kwanza kupanda baa ya juu ya paa nilikwenda kutazama jua likizama baharini, nikaishia kuligeuzia kisogo. Ilikuwa Posta, Dar es Salaam, katika hoteli ambayo sitaitaja. Niliwahi, nikaomba meza ya ukingoni inayotazama maji, nikapewa, nikaagiza, nikasubiri. Maji yakawa ya kijivu, kisha yakawa meusi. Nilipogeuka kumwita mhudumu ndipo nikaona anga la nyuma yangu, juu ya Kariakoo, limewaka kama jiko la mkaa lililopepewa. Mimi nilikuta makaa yanapoa.

Kwamba pwani yetu inatazama mashariki tulifundishwa shule ya msingi. Tatizo ni kwamba ukishalipa nauli na ukavaa shati la maana, jiografia inakutoka. Baada ya hapo nimepanda mapaa mengi, Dar na Unguja, na leo nachagua paa kwa mambo mawili: linatazama wapi, na nitafika saa ngapi. Jina la baa, muziki na picha za mtandaoni huja baadaye sana.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Saa 12 jioni ni ile jua linapokaribia kwenda zake.

Kwanza, fahamu unakwenda kuona nini

Jioni ya juu ya paa ina vitu vitatu vya kutazama, na ni nadra kupata vyote pahala pamoja: jua likizama, mji ukiwasha taa, na mwezi ukichomoza.

Ukitaka jua liingie majini mbele ya macho yako, usihangaike na Dar. Vuka uende Unguja. Mji Mkongwe umekaa upande wa magharibi wa kisiwa, na kuanzia Shangani hadi Forodhani maji yako mbele ya jua. Katika miezi ya kipupwe, Juni na Julai, jua huteremkia karibu na upande wa kisiwa cha Bawe. Ikifika Desemba limeshasogea kusini, linaingia kwenye bahari tupu ya kuelekea Mrima, yaani pwani ya bara. Kwa hiyo hata paa lile lile halikupi picha ile ile mwaka mzima.

Ukitaka mji na bandari, Dar ndiyo mahali pake. Mfano ulio wazi ni Hoteli ya Kilimanjaro pale Kivukoni, iliyofunguliwa mwaka 1965 na ambayo siku hizi inabeba jina la Hyatt Regency. Baa yake ya juu inaitwa Level 8, kwa sababu iko ghorofa ya nane. Ghorofa nane kwa Dar ya leo si kitu. Jengo la Mamlaka ya Bandari peke yake lina ghorofa 40. Lakini ukiwa juu sana watu wanageuka sisimizi na pantoni linageuka kisanduku cha kiberiti. Ukiwa ghorofa ya nane bado unaona abiria wa Kigamboni wakishuka mbio kabla mlango wa pantoni haujagusa chini vizuri, unaona meli ya makontena ikipita kwenye mlango mwembamba wa bandari kama mtu mnene anayepita kwenye korido, na unauona mnara wa Kanisa la Azania Front, ambalo Wajerumani walianza kulijenga mwaka 1898. Ningechagua ghorofa ya nane mbele ya maji kuliko ya thelathini nyuma ya majengo.

Na mwezi? Huo ndio siri ya Dar. Mwezi mpevu huchomoza mashariki wakati jua linapozama magharibi. Yaani ile meza yangu ya kisogo ingekuwa meza bora kuliko zote kama ningeikalia siku sahihi. Huhitaji programu ya simu kuijua: hesabu kutoka mwandamo. Usiku wa kumi na nne mwezi uko juu kidogo jua linapozama. Kila siku inayofuata unachelewa kwa dakika kama hamsini, hivyo usiku wa kumi na saba utamaliza soda yako na mwezi hujauona. Siku hizo za mwezi mpevu ni za bamvua pia, maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida. Maji hujaa kwenye saa kumi alasiri, kwa hiyo ukifika juu saa 12 utakuta yameanza kutoka, na ngalawa zilizotia nanga pwani zinaanza kulala ubavu.

Saa: usifike jua linapozama

Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta. Jua letu haliteremki kwa mteremko mrefu kama la Ulaya, linadondoka karibu wima. Tangu ukingo wake wa chini uguse bahari hadi lipotee lote ni dakika mbili na kidogo. Nimewaona watu waliosafiri kutoka mbali wakikosa kila kitu kwa sababu walikwenda msalani. Baada ya hapo mwanga wa jioni unadumu kama dakika ishirini, halafu giza.

Mwaka mzima, Dar na Unguja, jua huzama kati ya saa 12:12 na 12:50 hivi. La mapema zaidi ni la mwishoni mwa Mei. La kuchelewa zaidi ni la mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari. Chukua saa ya machweo ya siku hiyo, toa saa nzima, na hiyo ndiyo saa ya kuwa umekaa. Kukaa na kuingia getini ni mambo mawili: kuna ukaguzi wa mabegi, kuna lifti inayosimama kila ghorofa, kuna mhudumu anayeenda "kuuliza kama kuna nafasi".

Ukiwa juu, upeo wa macho unasogea mbali. Mtu aliyesimama ufukweni anaona bahari hadi kilomita tano hivi. Aliye mita 30 juu anaona karibu kilomita ishirini. Ndiyo maana jua la juu ya paa linachelewa kuzama kwa kama nusu dakika kuliko la aliye chini. Jambo dogo, lakini wenzetu wanaofanya kazi Dubai wanalijua vizuri: Burj Khalifa ina urefu wa mita 828, na mwaka 2011 mufti mkuu wa huko alitoa maelekezo kwamba wanaokaa ghorofa za juu kabisa wasubiri dakika mbili hadi tatu zaidi kabla ya kufuturu, kwa kuwa wao jua bado wanaliona.

Tarehe: upepo, mvua na Ramadhani

Masika, Machi hadi Mei, paa ni bahati nasibu. Mvua ya vuli, Oktoba hadi Desemba, ina nidhamu zaidi kidogo: mara nyingi inapiga na kupita, na anga la baada yake ndilo zuri kuliko yote kwa sababu vumbi limeoshwa. Swali la kuuliza ni moja: mvua ikija mnatuhamishia wapi? Kama jibu ni "tunashuka chini", basi panga siku nyingine.

Upepo watu hawaufikirii. Kusi, hasa Juni hadi Agosti, unavuma kutoka kusini, na upande wa Dar unaotazama bandari ni kusini hasa. Pale juu ukingoni unapeperusha tishu, menyu, na hata bili, jambo ambalo mwanzoni linafurahisha. Vaa kitu cha mikono mirefu, chagua meza yenye ukuta au kioo upande wa upepo. Kaskazi, Desemba hadi Machi, ni kinyume chake: joto lenye unyevu, shati linanata mgongoni. Msimu huo ukingoni ndipo pa kukaa, na usikubali kusogezwa katikati.

Mwezi wa Ramadhani mambo ya Unguja yanabadilika. Mchana kula na kunywa hadharani hakuruhusiwi, na baadhi ya mapaa hufunga, mengine hufungua baada ya watu kufuturu. Usifike ukalalamika. Piga simu siku kadhaa kabla. Upande wa bara baa zinaendelea, ingawa wahudumu wengi watakuwa wamefunga, na saa ya machweo unayoitaka wewe kwa kutazama ndiyo wanayoisubiri wao kwa tende na maji. Agiza kabla yake au baada yake.

Simu ya dakika tatu

Wengi huruka hatua hii, kisha wanasimama mlangoni wakibembeleza. Kwa Mji Mkongwe kuna sababu ya kijengo kabisa. Nyumba zile za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa boriti za mikoko, na boriti haina urefu wa kutosha kubeba chumba kipana. Ndiyo maana vyumba vingi vya zamani vina upana wa mita tatu hivi tu. Chumba chembamba chini maana yake ni paa jembamba juu. Kibanda cha chai juu ya nyumba kama Emerson on Hurumzi, ambacho ni miongoni mwa mapaa marefu ya mji ule, kinabeba watu wachache, wanaokaa chini juu ya mito, viatu pembeni. Ukitaka kula chakula cha jioni pale bila kuweka nafasi, labda mvua iwe imewafukuza wengine.

Ukipiga, usiulize tu "mko wazi?" Kila mtu yuko wazi. Uliza hivi, kwa mpangilio wowote: Meza za upande wa magharibi zinawekewa nafasi au ni anayewahi? Kuna kiingilio au kima cha chini cha matumizi? Jioni hiyo kuna shughuli binafsi, harusi au mkutano? Lifti inafika juu kabisa, au kuna ngazi za mwisho? Viatu vya wazi vinaruhusiwa? Watoto je? Muulize jina anayepokea simu, na ukifika litaje: "Nilizungumza na dada fulani mchana." Neno hilo lina nguvu kuliko ujumbe wa uthibitisho.

Kama umeambatana na mzee au mtu mwenye goti bovu, swali la ngazi ndilo la kwanza. Nyumba za Mji Mkongwe nyingi hazina lifti, na ngazi zake ni za mbao, zimesimama wima, kila kidato kina urefu wake. Mama yangu mdogo alipanda mara moja, akafika juu, akakaa, akasema, "Mwanangu, mimi silali huku, lakini sijui nitashukaje." Kwa watu kama hao ipo Africa House pale Shangani, nyumba iliyokuwa klabu ya Waingereza: baa yake ya machweo iko kwenye baraza la ghorofani, si paa hasa, ngazi ni chache na zinapandika, na bahari iko mbele wazi.

Kuvaa na kufika

Dar, hoteli kubwa za Posta: suruali, gauni, viatu vya kufunika. Kandambili na bukta ya mpira zitakurudisha, hasa ukiwa mwanamume. Nimeona kijana aliyekataliwa mlangoni akashuka kwa mmachinga wa chini akarudi amevaa viatu vipya bado vina karatasi ndani; akaingia. Sina ushauri zaidi ya huo.

Unguja kuna mavazi mawili ya kufikiria: ya juu na ya njiani. Huko juu hakuna atakayekusema, lakini ili ufike unapita vichochoroni, barazani kwa watu, mbele ya misikiti, na saa hiyo wanaume wanaelekea kuswali. Mabega na magoti yafunikwe. Dada akiwa na mtandio au kanga begani anautumia mara tatu: njiani kwa heshima, juu kwa upepo, na kukalia kama ukuta una vumbi.

Kwa Dar, kuna faida isiyosemwa: jioni mji unatoka Posta, wewe unaingia. Foleni iko upande wa pili wa barabara. Mwendokasi wa Kivukoni unakushusha mwendo mfupi wa miguu kutoka hapo, kwa nauli ya kawaida, na utapita mbele ya mlinzi wa hoteli ukiwa na uso wa mtu aliyeshuka kwenye gari lake. Kurudi ni habari nyingine, nitaifikia.

Kwa Unguja, boti ya kasi kutoka Dar huchukua takriban saa mbili, na kitambulisho au pasi ya kusafiria lazima uwe nacho. Usivuke kwa boti ya mwisho ukitegemea kuliwahi jua. Boti ikichelewa kidogo utaliona jua likizama kupitia dirishani, ukiwa umekaa pembeni ya mtu anayetapika.

Ukishafika juu

Usikae kwanza. Zunguka. Mwambie mhudumu unatafuta mahali pa kupiga picha, atakuacha. Tazama jua liko wapi, upepo unatoka wapi, spika ya muziki iko wapi, na msala uko wapi. Kisha omba meza kwa sababu, si kwa amri: "Kaka, naomba ile ya kona, tunataka kuona jua." Wakikuambia imewekewa nafasi, uliza ya saa ngapi. Mara nyingi ni ya saa 2 usiku, na wewe saa hiyo utakuwa umeshaondoka. Hii imenisaidia mara nyingi kuliko bakshishi.

Dar mimi huomba kitu kimoja cha ajabu: meza ninayoweza kugeuza kiti. Saa 12 natazama Kariakoo, saa 1 usiku nageuka bandarini, taa za meli zinapowaka.

Kuagiza ni rahisi ukikumbuka kwamba juu kuna jiko dogo au hakuna jiko kabisa. Chakula kinapanda kwa lifti au kwa miguu ya mtu. Agiza vitu visivyoharibika kwa kupoa. Bia ya hapa nyumbani huwa ni ya bei nafuu zaidi kwenye menyu, na hata hivyo utakuta bei ya moja ingenunua tatu au nne mtaani. Unalipia kiti. Asiyekunywa pombe asijione mgeni: juisi ya ukwaju ikitengenezwa vizuri, na tangawizi na barafu nyingi, ni kinywaji cha paa hasa, na hakuna anayekuuliza. Swali langu kabla ya kuagiza juisi ni "ni ya matunda au ya boksi?" Mhudumu mkweli atacheka kwanza.

Na kunguru. Wale wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wameijaza pwani nzima. Wanajua saa ya kuleta viazi. Sahani usiiache peke yake hata kama unasimama kwa picha moja. Niliwahi kuachiwa robo ya sahani, na kunguru akabaki ukutani akinitazama kama ninayemchelewesha.

Zile dakika ishirini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo sababu ya safari yote, na ndipo watu wanapojifungia kwenye simu.

Uko juu ya nyumba Hurumzi au Kiponda. Kutoka chini Mji Mkongwe ni kuta na vivuli; kutoka juu ni mabati. Mabati yenye kutu ya kila rangi, ya chungwa, ya kahawia, mapya yanayong'aa, yamepishana kama karata zilizomwagwa. Katikati yake kuna matangi meusi ya maji, madishi, paka. Mwanamke anaanua nguo paa la tatu kutoka kwako, anakunja kanga moja moja bila kutazama, macho ameyaelekeza barabarani. Minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu imesimama pamoja. Upande wa bahari uko Ngome Kongwe, na kando yake Beit-el-Ajaib ya mwaka 1883, ambayo sehemu yake ya mbele na mnara wa saa viliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Jua likigusa maji, majahazi ya watalii yanapita mbele yake kwa zamu, kana kwamba yamelipwa. Pengine yamelipwa. Dakika mbili. Limezama.

Hapo inaanza adhana. Msikiti mmoja unatangulia, wa pili unadakia, kisha wote. Mji Mkongwe una misikiti zaidi ya hamsini, na wewe uko juu kwenye usawa wa vipaza sauti. Sauti hazilingani, zinapishana, moja inamaliza sentensi ambayo nyingine ndiyo inaianza. Baa nyingi huzima muziki wenyewe. Isipozimwa, mwombe mhudumu. Punguza sauti yako, weka glasi chini, usigonganishe na mwenzako kwa kelele wakati huo. Hakuna sheria iliyobandikwa ukutani, lakini wanaokuhudumia wanasikia na wanaona. Ikiisha, popo wanaanza kutoka, taa zinawaka moja hapa moja kule, na harufu ya mkaa inapanda kutoka Forodhani.

Kama utapiga picha moja tu, ipige kama dakika kumi baada ya jua kuzama, wakati anga bado lina buluu na taa zimeshawaka. Gusa sehemu angavu ya anga kwenye skrini, kisha shusha mwanga. Zima flashi, inaangazia glasi yako na kuua mji. Futa kioo cha kamera, kwa sababu hewa ya chumvi inakipaka utando. Na msimu wa kaskazi, ukitoka tu kwenye kiyoyozi cha lifti kioo kitashika ukungu. Usikisugue, mpe simu dakika chache izoee joto.

Dar kuna tahadhari ya ziada. Kutoka mapaa ya Kivukoni unaona upande wa Ikulu, bandari na majengo ya serikali. Picha ya machweo haina neno, ila usivute lenzi kwenye mageti wala kwa walinzi, na droni isahau kabisa kama huna kibali. Unguja, watu walio kwenye mapaa yao wako nyumbani kwao. Yule mama wa kanga si mandhari.

Bili

Kabla ya kuagiza, si baada, uliza: "Bei hizi zimeshajumlisha VAT?" Bara kodi hiyo kwa kawaida ni asilimia 18, na baadhi ya menyu huiacha nje pamoja na tozo ya huduma, glasi uliyoipigia hesabu kichwani inakua ikiwa mezani. Kama tozo ya huduma imo, bakshishi ni hiari yako kweli. Kama haimo, mwachie mhudumu mkononi, taslimu, kwa sababu kilichoandikwa kwenye kadi kina safari ndefu.

Ukiona menyu yenye bei za dola, una haki ya kuuliza shilingi. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Usigombane, sema tu, "Nitalipa kwa shilingi, nipe hesabu."

Uliza pia kama wana Lipa Namba, na usitegemee mashine ya kadi peke yake. Huko juu mtandao wa mashine huwa na tabia ya kupotea saa ambayo watu wote wanataka kuondoka. Mimi niliwahi kusubiri kwa muda mrefu kuliko niliokaa kunywa, mashine ikizungushwa hewani kama chetezo. Omba bili mapema, kabla hujaitaka. Isome mstari kwa mstari. Chupa ya maji ambayo hukuifungua irudishwe.

Kushuka

Dar, Posta baada ya saa 2 usiku inapwaya, na Jumapili inakuwa tupu kabisa. Usitoke getini ukiwa na simu mkononi unatafuta usafiri. Itisha gari ukiwa bado mapokezi, subiri ndani, linganisha namba ya gari na ile ya kwenye programu, ndipo utoke. Ukiwa umekunywa, gari lako likae pale pale. Zungumza na mlinzi kuhusu maegesho ya usiku. Msichana aliye peke yake amwombe mlinzi wa hoteli amsindikize hadi mlango wa gari. Wanafanya, na hawashangai.

Unguja, shuka ngazi ukiwa umeshika ukuta, taa ya simu ikiwaka, na begi likiwa mgongoni ili mikono iwe huru. Kama wakati wa kupanda uliacha viatu mlangoni, vitazame vizuri kabla ya kuvaa. Kandambili za watu zinafanana. Chupa isitoke nawe nje. Kilichonywewa juu kibaki juu.

Kisha nenda kale Forodhani. Kinywaji kimoja juu, chakula chini: hiyo ndiyo hesabu yangu ya kumaliza jioni bila kuumia mfukoni. Urojo, mishikaki, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Uliza bei kabla mshikaki haujawekwa motoni, hakikisha ni ya mmoja au ya sahani, na kama viazi vyako vya juu vililiwa na kunguru, anza na muhogo wa kuchoma.